VINYWAJI MAHALI PA KAZI

Mtu afanyaye kazi kutwa hushikwa na kiu, na mwenye kiu hachagui sana. Hunywa kilicho karibu naye. Pakiwa na chupa za soda tu, atakunywa soda. Pakiwa na mtungi wa maji safi, atakunywa maji. Kwa hiyo twasema ya kuwa afya ya watu wa kazi imo pia mikononi mwa yule awawekeaye kinywaji. Na tutazame mfano mmoja.

Katika nchi ya Marekani, mjini San Francisco, kipo Chuo Kikuu cha California chenye hospitali na watu wengi wa kazi. Mwaka 2015 wakuu wake walikataza vinywaji vilivyotiwa sukari visiuzwe humo. Mtu hakukatazwa kuja na chupa yake kutoka nyumbani. Maduka na vyumba vya kulia ndivyo vilivyoacha kuviuza. Wataalamu waliwachunguza wafanya kazi 214 waliozoea kunywa vinywaji hivyo kila siku, na matokeo yalichapwa mwaka 2019. Hapo kwanza kila mmoja, kwa wastani, alikunywa kadiri ya lita 1 kwa siku. Baada ya miezi 10 alikunywa karibu na nusu yake. Uzito wa mwili haukubadilika sana, lakini kiuno kilipungua kadiri ya sentimita 2. Jambo hili si dogo, maana mafuta yakaayo tumboni huandamana na kisukari na maradhi ya moyo.

Soda ya mililita 300 aghalabu ina sukari kadiri ya gramu 30, yaani vijiko vya chai 7 au 8. Tena sukari ya kunywa haishibishi kama chakula; mtu huinywa, kisha hula sahani yake yote vile vile. Shirika la Afya Duniani lashauri sukari ya namna hii isizidi kadiri ya gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima. Basi chupa 2 tu zimekwisha kupita mpaka huo.

Wakuu wa vijiji na walimu, mwitapo watu kulima njia, au watoto kwenda shamba la shule, wekeni mtungi wa maji yaliyochemshwa, wenye kifuniko na kata safi. Chai ikipikwa, sukari iwekwe kando, kila mtu ajitilie kiasi chake. Gharama yake ni kuni na uangalifu, na faida yake ni miili yenye nguvu.