Mshahara wa Dubai ni mkubwa kweli?

*Nimepata kazi Dubai, dirhamu 5,000 kwa mwezi. Nikizigeuza shilingi, zinazidi mshahara wangu wa Dar es Salaam. Mume wangu anasita. Niende?*
*Mama wa wawili, Tabata*

Dada yangu, kugeuza fedha hakutoshi, maana utakula na kulala kwa bei za kule. Kinachomaliza mishahara Dubai ni pango. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya mwaka kwa hundi chache za tarehe za mbele, na bili ya umeme na maji hubeba ada ya manispaa, asilimia 5 ya pango la mwaka. Mshahara haukatwi kodi ya mapato. Hiyo ni nafuu ya kweli.

Muulize mwajiri, akujibu kwa maandishi: malazi na usafiri ni juu ya nani? Kama ni juu yake, nenda. Kama ni juu yako, toa pango, chakula, nauli na matumizi ya watoto nyumbani. Kinachobaki ndicho ulinganishe na akiba yako ya sasa.

Ukidaiwa pesa ya viza, usilipe. Waone kwanza Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania (TaESA).