SOMO LA WIKI: Onyesha kiko chenye kasoro kabla hujachoma 200

Wafanyabiashara wengi wa bidhaa za mikono hupoteza mtaji mahali pamoja. Hutengeneza mzigo mzima kwanza, wakaupeleka sokoni, na huko ndiko wanakosikia kwa mara ya kwanza kasoro ya bidhaa yao. Wakati huo fedha imekwisha kuingia kwenye kuni, usafiri na ushuru. Wiki hii tunatazama namna ya kuisikia kasoro hiyo mapema na kwa gharama ndogo. Mfano wetu ni kiko cha kuvutia tumbaku, na fundi wetu wa kufikirika tumemweka Choma, wilayani Igunga, mkoani Tabora.

Kwa nini kiko? Unyamwezi ni nchi ya tumbaku tangu zamani. Burton na Speke walipofika Kazeh, karibu na mji wa leo wa Tabora, Novemba 7, 1857, waliikuta nchi ya wavutaji, na Burton akaandika habari za viko vyao. Choma haiko kwenye njia kuu ya misafara, ile ya kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo na Mgunda Mkali, lakini watu wake ni wa nchi hiyo hiyo ya wapagazi. Soko la viko leo si kubwa, kwani wavutaji wengi walikwisha kuhamia sigara. Waliobaki ni wazee wanaojua wanachotaka, pamoja na wageni wanaonunua pambo. Soko dogo halimsamehi anayeleta mzigo mbovu.

Kiko cha kawaida kina bori la udongo, mahali inapowekwa tumbaku, na digali, yaani mrija wa mti. Udongo wa mfinyanzi husinyaa unapokauka, na husinyaa tena unapochomwa. Fundi akitoboa tundu la bori sawasawa na unene wa digali wakati udongo ni mbichi, baada ya moto digali haliingii. Akililazimisha, shingo ya bori inapasuka. Akilichonga liwe jembamba, linavunjika mkononi mwa mzee siku ya pili. Tena kwa kuwa viko vyote vilitobolewa kwa kijiti kile kile, kosa la kijiti kimoja linazaliwa mara 200.

Sasa tupige hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Msomaji aweke za kwake. Tuseme kiko kimoja kinagharimu Sh. 600 kikitengenezwa katika mzigo wa viko 200, na bei yake sokoni ni Sh. 1,500. Mzigo ukiwa mzuri, fundi anatumia Sh. 120,000, anauza kwa Sh. 300,000, na faida ni Sh. 180,000. Tundu likiwa baya na wanunuzi wakishusha bei hadi nusu, mauzo yanakuwa Sh. 150,000 na faida Sh. 30,000. Hapo hatujahesabu viko vitakavyorudishwa, wala jina la fundi.

Fundi wa pili anaanza na viko 12. Kuni za mzigo mdogo ni ghali zaidi kwa kila kiko, kwa hiyo tuseme Sh. 1,000 kwa kimoja, jumla Sh. 12,000. Vitatu anawapa wavutaji wazoefu bure, na tisa anaviuza kwa Sh. 750 akisema wazi kwamba ni vya majaribio. Anapata Sh. 6,750. Amepoteza Sh. 5,250, na hiyo ndiyo ada yake ya shule. Mwenzake alilipa Sh. 150,000 kwa somo lile lile.

Tatizo ni kwamba ukweli wenyewe ni vigumu kuupata bila mbinu. Kwetu mtu mwenye adabu hamwambii fundi usoni kwamba kazi yake ni mbaya. Ukimuuliza mzee, "Shikamoo mzee, kiko hiki ni kizuri?" atakujibu, "Marahaba mwanangu, kizuri tu," kisha atakiweka chini na hatakinunua. Swali lenyewe ndilo baya. Mwachie kiko siku saba, kisha rudi umuulize amekivuta mara ngapi, na lini alirudia kile cha zamani. Akisema amekivuta mara mbili tu, umekwisha kupata jibu.

Hata kabla hajasema, tazama kiko chenyewe. Ukikuta kipande cha kitambaa kimezungushwa kwenye digali, ujue tundu ni pana na hewa inavuja. Ukiona anakishika kwa digali tu bila kugusa bori, kuta za bori ni nyembamba na moto unamchoma vidole. Majivu yenye unyevu chini ya bori yanaonyesha kwamba tundu halikutoboka hadi chini kabisa. Andika yote hayo kwenye daftari, kila kiko na namba yake, maana ukitegemea kumbukumbu utakumbuka sifa na kusahau lawama. (Na majaribio haya wapewe watu wazima ambao tayari wanavuta. Tumbaku inaua, na sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia bidhaa za tumbaku aliye chini ya miaka 18.)

Wakulima wa tumbaku wa Tabora wanaujua uchungu wa kusubiri hukumu mwisho wa msimu. Belo linapofika mbele ya mteuzi na kupewa daraja la chini, jani limekwisha kukaushwa na mkopo wa pembejeo unasubiri. Mfinyanzi ana nafuu ambayo mkulima hana: anaweza kuomba hukumu akiwa na viko 12 tu.

Kasoro yenyewe si lazima itupwe. Mwaka 1917 Alfred Dunhill wa London aliomba hataza ya kupiga viko vya mti kwa mchanga, hata sehemu laini za mti zikalika na mistari yake ikajitokeza. Mti laini uliokuwa haufai kung'arishwa ukawa bidhaa yenye jina lake, Shell. Katika miaka ya 1920 kampuni hiyo ilianza kuuza viko ambavyo havikufikia kiwango chake kwa jina jingine, Parker, na kwa bei ya chini. Mnunuzi wa Parker hakudanganywa, na jina la Dunhill halikuchafuka.

Karibu na kwetu, Tanganyika Meerschaum Corporation ya Arusha ilitengeneza viko vya chapa ya Kiko kwa mirishamu, jiwe jeupe la bonde la Amboseli. Jiwe hilo ni zito kuliko lile mashuhuri la Eskişehir, Uturuki. Baadhi ya viko vyake vilikuwa vya mti vilivyotandikwa mirishamu ndani, na vingine vilivishwa ngozi. Hatusemi kwamba kila ngozi ilifunika ufa, lakini jiwe zito likiwa tabaka jembamba ndani ya mti halimchoshi mvutaji.

Kwa msomaji anayetaka kuweka fedha yake kwa fundi, tunashauri jambo moja. Usiishie kutazama viko vilivyopangwa mezani. Omba uonyeshwe vilivyoharibika, na daftari la waliovijaribu. Fundi akikuambia hajawahi kuharibu kimoja, ama ndiyo kwanza anaanza, ama anavificha. Akikupa kikapu kizima na kukueleza kila ufa ulitokana na nini, mpe oda ya viko 20 kwanza, kwa malipo ya nusu kabla na nusu baada ya siku saba za mvutaji wa kwanza.

Wiki ijayo: namna ya kuandikiana mkataba mfupi wa oda kati ya mchuuzi na fundi.