Meno ya Sungura Yasiyokutana

Ndugu mfugaji, kabla hujachagua dume la mbegu, lifungue midomo ulitazame meno. Somo letu la mwezi huu litakueleza sababu.

Sungura ana meno 28. Mbele ana sita: manne juu na mawili chini. Yale manne ya juu, mawili ni makubwa na mawili madogo yamejificha nyuma yake. Yaliyobaki 22 ni magego. Meno hayo yote hukua maisha yake yote. Ya mbele huongezeka kama milimita 2 au zaidi kila juma, yaani karibu sentimita 10 kwa mwaka. Hayaonekani kurefuka kwa sababu husagana kila sungura anapokula. Ya juu hupita kidogo mbele ya yale ya chini, nayo hunoana kama patasi.

Yasipokutana, hakuna jino la kulisaga jingine. Ya chini hutokeza nje ya mdomo, na ya juu hujipinda kuingia ndani na kuchoma nyama ya kinywa. Magego nayo huota ncha kali zinazokata ulimi na mashavu. Mnyama hufa njaa na majani mabichi yako mbele yake.

Huko Ulaya, walikotoka sungura wetu wa kufugwa, wawindaji mara chache hupata sungura mwitu mwenye kasoro hii. Sungura wa mbugani kwetu ni wa jamii nyingine, na uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, lakini meno yake hukua vivyo hivyo. Porini nyasi ngumu husaga meno vizuri. Tena aliyezaliwa na meno mabaya hudhoofika, akachukuliwa na mbweha au tai kabla hajazaa. Kibandani mambo ni mengine. Sisi twamkata meno, twamlisha, kisha twampandisha. Hivyo kasoro hubaki katika kizazi.

Sababu zake ni tatu:

1. Urithi. Taya la juu huwa fupi kuliko la chini. Mara nyingi huonekana mtoto akiwa na majuma 3 hadi 10.

2. Kuumia. Sungura huanguka, au huvuta waya wa kibanda kwa meno mpaka yakavunjika au kupinda.

3. Chakula laini. Anayelishwa punje za dukani peke yake hatafuni vya kutosha, na magego hayasagiki.

Dalili ni hizi: kidevu kulowa mate, kuchagua vyakula laini, kukonda, macho kutoa machozi, na uvimbe tayani. Kagua meno ya kila sungura mara moja kwa juma.

Ukiona kasoro, mwite daktari wa mifugo ayapunguze kwa chombo cha kusagia. Usitumie koleo, kwani jino hupasuka mpaka mzizini na kufanya usaha. Meno yatarefuka tena, na kazi hiyo hurudiwa kila baada ya majuma machache. Kila siku mpe nyasi nyingi, mbichi na kavu, ziwe ndizo chakula chake kikubwa.

Lakini kumbuka: kukata meno humwokoa mnyama, hakusafishi damu yake. Mwenye kasoro ya kuzaliwa asipandishwe, hata akiwa mkubwa na mzuri namna gani. Mlishe kwa nyama ya nyumbani. Tena wazazi wenye meno mazuri wakizaa watoto wa namna hii, fahamu kwamba dume na jike wote wawili wanaibeba kasoro hiyo. Usiwatumie tena kwa mbegu. Na anayemkata meno dume kama huyo ili amwuzie jirani, anamwuzia hasara ya miaka mingi. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Maswali:

1. Kwa nini meno ya sungura mzima hayarefuki?

2. Kwa nini kasoro hii huzidi kibandani kuliko porini?

3. Dume lako limekatwa meno na sasa linakula vizuri. Je, utalipandisha?