Somo: Orodha ya Mtaa Inapogeuka Silaha



Katika somo hili tunaangalia jinsi utawala mmoja ulivyotaka kujenga nchi upya kwa bunduki, na jinsi ulivyowatumia majirani.

Yaliyotokea Ethiopia

Septemba 1974, wanajeshi wa baraza lililoitwa Derg walimpindua Mfalme Haile Selassie. Wakafuata siasa ya kikomunisti. Mwaka 1975 walitaifisha ardhi, na mijini wakaunda kamati za mitaa zilizoitwa kebele. Mwanzoni kebele zilishughulikia nyumba na shida ndogo za mtaa. Mwaka 1977 Mengistu Haile Mariam alishika madaraka yote, na kebele zikapewa bunduki. Kamati iliyojua kila mtu na mlango wake ikaanza kupekua nyumba na kukamata walioitwa maadui wa mapinduzi. Hadi 1978 maelfu mengi waliuawa, wengi wao vijana wanafunzi. Kuanzia 1984, wakati wa njaa, watu zaidi ya laki tano walihamishwa kutoka kaskazini, wengi kwa kulazimishwa. Utawala ule ulianguka Mei 1991.

Na sisi hapa Kolwezi

Kwetu haukuwa ukomunisti, lakini njia ile tunaijua. Mwaka 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa mjini. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Maelfu kwa maelfu walilala stesheni wakingoja treni, na wengine walifia njiani. Wengi walizaliwa hapa, wazazi wao wakiwa wafanyakazi wa Gécamines. Hawakuulizwa, "Umefanya nini?" Waliulizwa, "Babu yako alitoka wapi?"

Tunajifunza nini?

Sisi wa mashirika na ninyi viongozi tunaandika orodha kila siku: nani apate unga, nani apate blanketi. Orodha hiyo ni ya kusaidia. Lakini tukiandika kabila ndani yake, siku moja mwingine ataisoma kwa nia nyingine. Tuandike idadi ya watoto, wazee na wagonjwa. Kabila tuliache. Na mtu akija kuomba orodha, asipewe na kiongozi mmoja peke yake. Kamati nzima ikae kwanza.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Orodha ya mtaa wetu inatunzwa na nani?
2. Ni majina gani ya dharau tunayasikia sokoni au kisimani?
3. Tutamjibu nini mkubwa anayetaka tutaje makabila ya majirani?