Tangazo Linapopiga Kelele Kuliko Kipindi

Somo la safari hii limetoka kwenye ugomvi.

Nilitembelea kikundi kimoja cha akina mama huku Uriri. Wana televisheni waliyonunua kwa pesa za chama, inatumia sola, na hukutana jioni kutazama vipindi vya kilimo. Siku hiyo mtaalamu alikuwa anaeleza juu ya viwavi jeshi, wale waliotuingilia mahindi tangu mwaka 2017. Dani mmoja ambaye masikio yake yamechoka aliomba sauti iongezwe. Ikaongezwa. Mara kipindi kikakatwa, likaingia tangazo la mkopo kwa kishindo hata mtoto aliyelala mgongoni mwa mamaye akaruka akilia. Mwenye nyumba akakimbilia rimoti, akapunguza. Kipindi kiliporudi, dani hakusikia kipimo cha dawa. Akamwuliza jirani, jirani akajibu kwa kubahatisha. Mimi nikashtuka, maana kipimo cha dawa ya shamba si kitu cha kubahatisha! Baadaye wakaanza kulaumiana, na mmoja akasema afadhali hiyo TV iuzwe.

Sasa tujiulize: kwa nini tangazo linapiga kelele hivyo na hakuna mtu aliyegusa rimoti?

Chukueni madebe mawili. Moja mjaze mahindi kwenye magunzi, lingine mahindi yaliyopukuchuliwa. Yote mawili yamefika ukingoni, hakuna lililozidi. Lakini ukiyainua, la pili ni zito zaidi, kwa sababu halina nafasi katikati. Sauti ya televisheni ni hivyo hivyo. Mitambo ina ukingo ambao sauti haipiti. Katika kipindi watu wanaongea, wananyamaza, wananong'ona, na mara moja moja mtu anapaza sauti. Ni debe la magunzi. Watengenezaji wa tangazo hutumia mitambo ya kukandamiza sauti: kile kilicho chini kinainuliwa mpaka kila neno na kila mdundo uwe karibu na ukingo. Zamani wakaguzi walipima ukingo tu, kwa hiyo tangazo lilipita bila kosa. Lakini sikio la binadamu linasikia uzito wa debe, halipimi ukingo.

Hiyo ndiyo dawa iliyopatikana nchi nyingine, kupima uzito. Mwaka 2006 shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilitoa njia ya kupima sauti jinsi sikio linavyoisikia. Mwaka 2010 umoja wa watangazaji wa Ulaya ukaweka kiwango kimoja kwa vipindi na matangazo. Huko Marekani mbunge Anna Eshoo wa California alipeleka mswada bungeni, Rais Obama akautia sahihi Desemba 2010, na kuanzia tarehe 13 Desemba 2012 tangazo halikuruhusiwa kuzidi kipindi kinachoambatana nalo. Mwaka 2025 jimbo la California likapitisha sheria kama hiyo kwa filamu zinazotazamwa kwa intaneti. Basi hata huko wenye mali wamesumbuka, tusidhani ni ushamba wetu.

Kwetu kuna jambo la pili. Tangu tulipohamia dijitali mwaka 2015, king'amuzi kimoja kinaleta stesheni nyingi, na kila moja inatuma sauti kwa kiwango chake. Ukitoka hii kwenda ile unaruka kama umekanyaga siafu.

Mfanye nini leo? Kwanza tazameni TV yenyewe. Kile kikundi kilikuwa kimeifunika kwa kitambaa kizuri cha kufuma, mpaka pande zote. Nyingi za hizi bapa zina spika chini au nyuma. Kitambaa kinameza maneno, halafu mnaongeza sauti, halafu tangazo linawapasua. Toeni kitambaa (najua kinauma, kimefumwa kwa jasho). Wekeni TV kwenye meza ngumu, karibu na ukuta, isiwe imeegemea pazia.

Pili, king'amuzi kina sauti yake na TV ina yake. Ya king'amuzi iacheni karibu na juu, mrekebishe kwa rimoti ya TV peke yake. Kisha ingieni kwenye menyu ya TV, mahali pa sauti. TV nyingi zina maneno "Auto Volume" au "AVL". Washeni hapo. Kazi yake ni kupunguza sauti inaporuka na kuinua inaposhuka. Haifanyi muujiza, wakati mwingine inachelewa sekunde moja au mbili, lakini kishindo kinapungua. Kama mna wufa, punguzeni besi. Ngoma za tangazo zinapita humo, na maneno ya mtaalamu hayahitaji besi.

Tatu, dani aketi karibu, upande ambao sikio lake ni zima. Hiyo haina gharama. Na asiyesikia vizuri aende kliniki aangaliwe. Pengine ni nta tu.

Msidharau kelele. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, na kila ikipanda desibeli 3 muda huo unakatwa nusu. Mtoto anayelala chini ya wufa hajui kuhesabu hayo.

Lililobaki ni haki yenu. Tangazo likizidi, andikeni siku, saa, stesheni na lilikuwa la nini. Pelekeni kwa stesheni yenyewe kwanza. Msipojibiwa, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupokea malalamiko. Barua ya kikundi yenye sahihi ishirini hufikiriwa kuliko simu ya mtu mmoja mwenye hasira.

Ya kujadiliana kwenye mkutano wenu:

Nani kati yetu hasikii vizuri na anaona haya kusema?

Matangazo gani yanapiga kelele zaidi nyumbani kwenu, ya sabuni, ya mkopo au ya kamari, na watoto wameshika maneno yake mangapi?

Kipimo cha dawa kikitajwa kwenye TV, nani anaandika?