Wavu wa Hesabu na Ziwa Letu

Wenzangu wengi huuliza: mtambo ulioko Ulaya wawezaje kukisia mvua ya Kigoma ya miaka ijayo? Nitajaribu kueleza kwa kifupi.

Mvuvi wa Kibirizi ajua ya kuwa wavu wenye macho makubwa haushiki dagaa. Wataalamu wa tabia ya nchi nao wana wavu wao wa hesabu. Huigawa hewa ya dunia katika visanduku, wakaandika joto, upepo na unyevu wa kila kimoja. Kisha kwa kanuni za fizikia hukadiria mambo yatakavyokuwa baada ya dakika chache, halafu tena na tena, hata itimie miaka mia. Mwingereza Lewis Fry Richardson alieleza njia hii kitabuni mwaka 1922, akakisia kwamba kazi ya dunia nzima ingetaka watu 64,000 wa kupiga hesabu. Siku hizi hufanywa na kompyuta kuu.

Sasa tulitazame ziwa letu. Urefu wake ni kilometa 670 hivi, lakini upana wa wastani ni 50 tu. Katika hesabu nyingi za dunia nzima, upande wa kisanduku ni kilometa 100 hivi. Basi ziwa humezwa, likachanganywa na milima ya kandokando. Hasara hiyo si ndogo, maana ziwa ndilo lizaalo dhoruba za usiku. Nchi kavu hupoa upesi, maji hubaki na joto. Pepo za pande mbili hukutana juu ya maji, na hewa hupanda ikawa mawingu ya radi. Saa hizo wavuvi wako ziwani na taa zao.

Dawa ni kupunguza macho ya wavu. Tukishuka kutoka kilometa 100 hadi 5, visanduku huongezeka mara 400, na hatua za wakati hufupishwa mara 20. Kazi yote huzidi mara 8,000! Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza ilitumia visanduku vya kilometa 4.5 kwa Afrika nzima, na matokeo yakaanza kutangazwa mwaka 2018. Lakini ilihesabu miaka 10 hivi ya sasa, na 10 hivi ya mwisho wa karne.

Kwa hiyo, msikiapo habari za mvua ya ziwa letu katika miaka ijayo, ulizeni kwanza ukubwa wa macho ya wavu.

Zoezi: Wavu wa kilometa 25 huzidisha kazi ya ule wa 100 mara ngapi? (Jibu: mara 64.)