Kinaya katika Jumba la Kawi

Jumba la maonyesho lina msuko, mandhari na msimulizi. Kwa hivyo laweza kuhakikiwa kama tungo. Mfano ni Universe of Energy, jumba lililofunguliwa Oktoba 1982 katika bustani ya EPCOT, Florida, Marekani, na kufungwa mwaka wa 2017. Humo hadhira haikutembea. Viti vya ukumbini vilikuwa magari makubwa, nayo yaliachana taratibu yakaingia katika msitu wa kale wa dinosaria. Mwendo huo ulikuwa mbinu ya usimulizi: msikilizaji alipelekwa, hakuchagua njia. Picha ya dinosaria nayo (yenye mvuto, bila shaka) humfanya adhani mafuta yalitokana na wanyama hao, ilhali asili yake hasa ni viumbe vidogo mno vya baharini.

Kinaya kikuu kilikuwa paani. Huko zilitandazwa seli za kunasa jua, nazo zilichangia umeme wa kuendesha magari yale. Mfadhili wa kwanza, hata hivyo, alikuwa Exxon, kampuni ya mafuta. Mhakiki wa simulizi hii ya kawi, au nishati kama wasemavyo Watanzania, hana budi kuuliza ni nani aliyemlipa msimulizi.